Nusukaputi na Ukoo wa Kalama

Bombolulu, Kisauni
10 Februari 1991

Kaka Ngowa,

Barua yako ya Krismasi ilifika Januari ikiwa imelowa, lakini ilisomeka. Mama amelipenda lile koti ingawa hajui atalivaa wapi kwa joto hili. Kwa sasa amelikunja analilalia kama mto. Mkeo Nyevu hajambo, na mwanao Kalama ameng'oka meno ya mbele, basi hataki kucheka mbele za watu.

Mimi nina habari moja, na imenikosesha utulivu. Wiki iliyopita alikuja kwenye karakana yetu daktari wa kupasua mifupa. Tuliacha mezani bangili na hereni tunazotengeneza, akatupanga kwenye benchi, akatupima miguu mmoja mmoja kama fundi viatu. Kwangu alikaa sana. Alisema magoti yangu yamejikunja kwa sababu kano za nyuma zilifupika tangu ile polio, na akizikata na kuzirefusha miguu itanyooka. Nikishavalishwa vyuma, nitasimama na kutembea kwa magongo. Nimetambaa tangu utoto, Ngowa. Sakafu za Bombolulu nazijua kwa viganja. Nataka kusimama kwenye meza ya kazi bila kuinuliwa na wenzangu kuwekwa kwenye kiti kirefu.

Mama amekataa. Hakugomba, alisema tu kwamba ukoo wa Kalama haulali kwa nusukaputi, akaendelea kuchambua mchicha. Unajua mwenyewe habari hiyo. Baba, Kalama mwenyewe, aliingia hospitali kwa miguu yake kupasuliwa kidole tumbo, akanusishwa dawa, akatolewa maiti. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyepasuliwa, hata aliyevunjika mguu ameungwa nyumbani na kupinda hivyo hivyo.

Huu ni mwaka wako wa tatu huko, na kwa maneno yako mwenyewe unasomea nyama za watu. Sijawahi kukuuliza unazitafutia nini. Sasa nauliza. Je, kuna ugonjwa wa kufa kwa dawa ya usingizi, au baba alikuwa na bahati mbaya tu? Daktari atarudi Septemba kupasua, na anataka jibu langu mapema.

Dada yako,
Kafedha wa Kalama


Sheffield, Uingereza
27 Februari 1991

Dada Kafedha,

Ugonjwa huo upo, na ndio ninaousomea. Sikuwaambia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Wiki ya kwanza hapa mwalimu wangu alitusimulia kisa cha kijana aliyelazwa kwa dawa ya kunusa ili atengenezwe mkono, akakakamaa, mwili ukachemka, akafa mezani. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana kisa hicho nilikuwa nimekisikia nyumbani maisha yangu yote.

Nikueleze kazi yenyewe. Kalsiamu ni ile iliyomo kwenye mifupa na kwenye chokaa. Ndani ya seli ya msuli, nje ya ghala lake, huwa kidogo mno. Ukitaka kukunja kidole, ghala hilo linafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikaza. Kisha inarudishwa ghalani na msuli unalegea. Kuna watu wachache waliozaliwa na kasoro kwenye lango la ghala. Hawaumwi na chochote, wanalima, wanacheza mpira. Lakini wakinusa baadhi ya dawa za usingizi lango linafunguka na halifungi tena. Misuli yote inajikaza kwa pamoja na mwili unapanda moto mpaka moyo unasimama.

Kalsiamu haionekani kwa macho, wala kwa hadubini. Kwa hiyo tunailisha seli rangi maalumu wakati ingali hai. Rangi hiyo inaingia ikiwa imevaa kitu kama koti. Ikishafika ndani, seli yenyewe inalivua lile koti, na bila koti rangi haiwezi kutoka tena. Humo inashikana na kalsiamu. Mimi naketi katika chumba cha giza, mashine inaimulika seli kwa miale miwili kwa zamu, na rangi inajibu kwa mwanga wa kijani. Kalsiamu ikiongezeka, jibu la mwale wa kwanza linapanda na la mwale wa pili linashuka. Nagawanya la kwanza kwa la pili. Ni lazima iwe miwili, kwa sababu seli moja hunywa rangi nyingi na nyingine kidogo, na ukitazama mng'ao mmoja peke yake utadanganyika.

Ugonjwa huu unarithiwa. Aliye nao, kila mtoto wake huenda akaupata au akaukosa, sawasawa na kurusha shilingi. Sisi wawili ni watoto wa Kalama, basi shilingi imerushwa kwako na kwangu. Wewe siwezi kukupima, kwa kuwa nyama haifiki huku ikiwa hai. Lakini mimi nipo hapa hapa. Nitatoa nyama yangu mwenyewe.

Nisaidie mambo mawili. Muulize Mama mwili wa baba ulikuwaje alipotolewa. Na muulize daktari kama anaweza kukuchoma sindano ya mgongoni, inayoganzisha miguu tu, aachane na dawa ya kunusa. Hiyo haina madhara kwetu. Nyevu usimwambie kwa sasa.

Kaka yako,
Ngowa


Bombolulu
17 Machi 1991

Kaka Ngowa,

Nilimsomea Mama barua yako yote. Tulipofika kwenye rangi inayovuliwa koti, alisema sasa ameelewa kwa nini ulimtumia lile lake. Anasema huko kwenu hata rangi huvalishwa koti.

Lakini nilipomuuliza habari ya baba, mzaha uliisha. Alinieleza akiwa ameinamia chungu, hakunitazama. Anasema hata saa moja haikupita tangu baba aingizwe kupasuliwa. Waliokwenda kumwosha walikuta mwili bado una moto kama mtu mwenye homa kali, na taya limebana, wakashindwa kumfungua mdomo wamsafishe. Mikono ilikuwa imekaza hivi kwamba walimvika shuka tu. Wazee walisema amechomwa na kitu kutoka ndani. Mama hajawahi kunieleza hayo, na mimi sikuwahi kudhani yangefanana hivyo na barua kutoka Uingereza.

Ile sindano ya mgongoni daktari ameikataa. Uti wangu umepinda kwa ile ile polio, anasema sindano haitapata njia. Tena ni miguu yote miwili, kazi ndefu, na dawa anayoitumia ni hiyo ya kunusa. Nilipomtajia baba alisema tulete jibu lako kwanza, hatamgusa mtu bila kujua kama ataamka. Kwa hilo nimempenda.

Kwani hakuna dawa ya kulifunga hilo lango likishafunguka? Na hiyo nyama watakutoa wapi? Wakikukata pajani utachechemea, na hapo tutakuwa tumefanana.

Dada yako,
Kafedha


Sheffield
20 Mei 1991

Dada Kafedha,

Walinikata pajani, kipande kama kidole cha mtoto mchanga. Waliganzisha mguu peke yake, nikawa nawatazama. Nilichechemea siku chache na nilikukumbuka.

Nyama hiyo tuliikuza kwenye visahani kwa wiki nyingi mpaka ikatoa seli mpya. Mwenzangu alibadilisha vibandiko, ili nisijue zipi ni zangu na zipi ni za watu wasio na kasoro. Nilizilisha rangi, nikaketi gizani, nikazipa dawa ile ile ya usingizi iliyoyeyushwa kwenye maji. Seli nyingi ziliitikia kidogo: kalsiamu ilipanda, ikashuka. Za kisahani kimoja zilipanda zikabaki huko huko juu. Nilirudia siku nyingine na nyingine. Mwisho wa kila kipimo inabidi tuitoboe seli ijae kalsiamu kabisa, kisha tuikaushe kalsiamu yote, ndipo tupate namba ya kweli. Seli hufia hapo. Nilizimaliza zote, tukabandua vibandiko, na kisahani kilikuwa changu.

Kwa hiyo alichokufa nacho baba ninacho. Sitakuficha kwamba nimeogopa. Si kwa ajili yangu, mimi nikijua najilinda. Nimemwogopea Kalama wangu, kisha nikakuogopea wewe.

Dawa ya kulifunga lango ipo. Nimeulizia na hospitali ya daktari wako haina, na hata pale ilipo haiokoi kila mtu. Ushauri wangu ni mmoja: usilale kwa nusukaputi. Wewe ni mtoto wa Kalama kama mimi. Nusu kwa nusu si jambo la kujaribu kwa ajili ya magoti. Najua ninachokunyima. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara nimetaka kuifuta.

Nyevu asijue bado. Mtoto ni mdogo mno kukatwa nyama, na mama yake akijua atamchunga kama yai, atamkataza hata kupanda mti. Niachie mimi, nitamwambia nikirudi.

Kaka yako,
Ngowa


Bombolulu
9 Juni 1991

Kaka Ngowa,

Nilimwandikia daktari kwamba sitakwenda. Nina hasira, wala si kwako. Nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho urefu wa vitu: dirisha la karakana, meza, rafu ya juu ambako wanaweka tupa nzuri. Sasa nimeacha.

Kuna jambo jingine. Nilimsomea Mama barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ugonjwa huu unapita kwenye damu ya baba. Nikamwambia unapita kwa yeyote aliye nao, na kwetu ni baba. Akauliza tena, "Na ndiyo sababu hupasuliwi?" Nikasema ndiyo. Hakula usiku ule.

Jumatano asubuhi alivaa nguo za kanisani, akaenda Changamwe. Changamwe hatuna mtu isipokuwa baba mdogo Lewa, na tangu nipate akili Mama hajakanyaga kwake. Hata harusi ya bintiye wa yule mke mwingine hakwenda. Alirudi jioni, akaketi mlangoni bila kuvua viatu, akaniambia nimwandikie daktari asubiri. Nikamjibu nimekwisha kataa. Akasema, "Basi andika tena."

Nimeandika tena. Sijui nasubiri nini. Kama wewe unajua, niambie.

Kafedha


Changamwe
12 Juni 1991

Mwanangu Ngowa,

Ni mimi baba yako mdogo, Lewa. Utaniwia radhi kwa mwandiko, mkono huu ulizoea minyororo ya bandarini kuliko kalamu. Mama yako alikuja hapa Jumatano iliyopita, na leo amekuja tena kuhakikisha naandika. Yuko hapa kwenye kiti, ametazama mlango. Chai nimempa, hajainywa.

Amenituma nikwambie mambo mawili, moja lake na moja langu. Hili ni lake. Ndugu yangu Kalama alipofariki, wazee walinikabidhi mkewe nimtunze, ndiyo iliyokuwa ada yetu. Wewe ulikuwa mdogo, unashika ukuta kutembea. Mliambiwa Kafedha aliachwa tumboni. Hakuachwa tumboni. Alizaliwa miaka miwili baadaye, nami ndiye niliyekwenda kumwita mkunga. Wazee wakasema mahari ya mama yako Mbeyu ilitolewa na Kalama, basi mtoto ni wa Kalama na ataitwa kwa jina la Kalama. Nilikubali na hata leo nakubali, ndugu yangu hakupata muda wa kuzaa wengine. Baadaye mama yako aliokoka. Mchungaji wa wakati ule akamwambia ndoa ya kurithiwa ni uzinzi, aniache ndipo abatizwe. Aliniacha. Kanisani wakamjua kama mjane wa Kalama mwenye watoto wawili, na hakuna aliyeuliza miaka.

La pili ni langu, na mama yako hakulijua mpaka Jumatano. Mimi nimelala nusukaputi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ngiri. Ilinitesa mpaka nikaona afadhali nife nimelala kuliko nife napiga kelele, nikaenda hospitali bila kumwambia mtu wa ukoo. Walinifunika kinyago usoni, nikavuta. Nilipoamka nikaomba wali na papa, nesi akacheka mpaka akaita wenzake. Mara ya pili mkono ulinaswa na mnyororo kazini, wakanilaza tena hivyo hivyo, nikaamka tena. Wazee wangejua wangesema nimewadharau.

Mama yako anauliza kama haya yanabadili hesabu zako. Nimemuuliza niongeze nini kutoka kwake, akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mwambie niliogopa midomo ya watu, na mtoto wangu anatambaa."

Kafedha hajui. Wewe mwenye elimu utaona namna ya kumwambia. Mimi nimemwita mtoto wa ndugu yangu miaka yote hii, kinywa changu hakitageuka sasa.

Baba yako mdogo,
Lewa


Sheffield
1 Julai 1991

Dada Kafedha,

Kaa kwanza kwenye kile kiti chako kirefu. Baba mdogo Lewa ameniandikia, Mama akiwa amekaa mbele yake, na wameniachia mimi nikwambie. Nimetafuta maneno laini sikuyapata, kwa hiyo nasema wazi. Hukuachwa tumboni. Kalama alikuwa amekwisha kufa. Wazee walimkabidhi Lewa amtunze Mama, na wewe ukazaliwa na Lewa, ukapewa jina la Kalama kwa kuwa mahari ilikuwa yake. Mama alinyamaza kwa sababu ya kanisa. Samahani kwa kukuambia kwenye karatasi. Mama yetu ni mmoja na tumbo ni lile lile, hilo halijabadilika hata kidogo.

Sasa hesabu. Mimi nilikuwa natazama mng'ao mmoja, baada ya kukuandikia kwa kirefu kwamba mmoja unadanganya. Nilihesabu kwa Kalama peke yake. Shilingi yako haikurushwa na Kalama, ilirushwa na Lewa. Lewa ni ndugu wa Kalama, angeweza kuwa nao. Lakini amenusa dawa mara mbili, mara ya kwanza kwa ngiri na ya pili kwa mkono, na mara zote ameamka mzima. Nimemweleza mwalimu wangu. Anaona ni dalili kubwa kwamba Lewa hana kasoro, na asiye nayo hampi mwanawe.

Siyo hakika. Kuna watu waliokwisha kunusa wakaamka, na mara iliyofuata ikawaua. Ni wachache, ila wapo, na singependa uingie ukidhani nimekupa ahadi. Ukiamua kwenda, mpe daktari karatasi niliyoambatanisha. Awe na barafu karibu, akupime joto muda wote, na akiona taya linakaza tu aiondoe dawa papo hapo. Ukiamua kutokwenda, sitakulaumu. Mwamuzi ni wewe.

Ngowa


Bombolulu
20 Julai 1991

Kaka Ngowa,

Nilikaa kwenye kiti kirefu kama ulivyoagiza, nikasoma, nikacheka mpaka wenzangu wakaacha kugonga shaba. Ngowa, mimi najua hilo tangu darasa la pili. Bibi aliniambia, tena bila kunong'ona, akinionyesha masikio ya baba mdogo na kuyavuta yangu. Ni nani Kisauni asiyejua? Wewe tu, uliyepelekwa shule ya bweni mapema ukarudi na vyeti.

Usidhani nilikuficha. Uliandika kwamba sisi wawili ni watoto wa Kalama, nikaona umesema kweli, kwa sababu ni kweli. Kalama ndiye aliyetoa mahari, na mimi naitwa kwa jina lake. Nilidhani damu hufuata mahari. Hukunieleza kwamba kwenye seli ni tofauti, nami sikujua kama ni jambo la kuuliza. Habari ya ngiri ndiyo iliyokuwa mpya kwangu, na kwa hiyo nimecheka zaidi. Nilikuwa namficha Mama kwamba najua, naye alikuwa ananificha nisijue.

Nilimwambia Mama kwamba najua. Akaniambia nimekuwa mjanja kumpita. Alhamisi akaenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani, akasimama mwenyewe akawaeleza. Mmoja aliondoka na kiti chake. Wengine walimpa chai, naye akainywa. Hayo nimeyapata kwa watu, yeye alisema tu kwamba mkutano ulichelewa.

Nitakwenda Septemba. Karatasi yako nimempa daktari, ameikunja akaitia mfuko wa shati. Naogopa sana, Ngowa. Naandika hapa ili nisilazimike kumwambia Mama.

Na hili la mwisho. Mama amesimama mbele ya watu kwa ajili ya magoti yangu. Wewe bado unamficha mkeo habari ya mtoto wake. Fikiria.

Kafedha


TELEGRAMU
Changamwe, 24 Septemba 1991

AMEAMKA. AMEOMBA WALI NA PAPA. LEWA


Sheffield
10 Oktoba 1991

Dada Kafedha,

Telegramu waliniletea maabara. Nilikuwa gizani na seli ya mtu chini ya hadubini, nikaisoma kwa tochi. Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nilitazama ile seli ikipanda na kushuka vizuri, nikaiacha bila kuitoboa. Kipimo kile kiliharibika na mwalimu hajaniuliza.

Nimepata barua ya baba mdogo pia. Anasema joto lako halikupanda hata kidogo, na daktari aliyeyusha barafu yote bure. Miguu imo kwenye plasta na unawagombeza manesi. Endelea.

Nina ombi. Watu wenye ugonjwa wangu huku wanavaa bangili yenye maandishi, ili wakipata ajali na kupoteza fahamu madaktari wajue. Zinauzwa, ila sitaki ya dukani wakati dada yangu ni fundi. Nitengenezee moja ukipata nguvu. Maneno utaweka mwenyewe, mradi yaeleweke.

Kwa Nyevu bado sijaandika. Nimeanza barua mara mbili. Nakuomba uniache nifanye kwa wakati wangu.

Ngowa


Bombolulu
15 Desemba 1991

Kaka Ngowa,

Naandika barua hii nimesimama. Mwandiko umekuwa mbaya kwa sababu meza ambayo nilikuwa naitazamia juu sasa iko chini, na bado sijazoea kuinama. Vyuma vinauma kwenye mapaja na usiku nalia kidogo. Rafu ya juu nimeifikia. Zile tupa nzuri zimejaa kutu, kumbe miaka yote nilikuwa naonea wivu takataka.

Bangili yako imo kwenye kisanduku hiki. Ni shaba nene, haitapinda ukigonga mahali. Nimeipiga chapa herufi moja moja: NGOWA WA KALAMA. USINILAZE KWA DAWA YA KUNUSA. Upande wa ndani nimerudia kwa Kiingereza cha daktari wangu, ameniandikia yeye. Nami nimejifanyia ya kwangu kwa kipande kilichobaki, imeandikwa KAFEDHA WA KALAMA, basi, haina onyo lolote. Baba mdogo ameiona akasema imekaa vizuri.

Nilitengeneza na bangili nyingine ndogo, ila hiyo usiitafute kisandukuni, haimo. Iko mkononi mwa mwenyewe. Nilisubiri uandike, miezi ikapita, hukuandika. Basi Jumamosi nilikwenda kwa Nyevu kwa magongo yangu. Nyumba yake ina vipandio vya kuingilia, vile ambavyo nilikuwa navipanda kwa mikono, nikavipanda wima. Nyevu alifurahi mpaka akaacha chungu kikaungua. Nikaketi nikamwambia yote, kuanzia kidole tumbo cha Kalama mpaka kisahani chako.

Hakulia. Aliuliza mtoto anaruhusiwa nini na nini, nikamwambia anaruhusiwa kila kitu isipokuwa ile dawa. Akamtazama Kalama aliyekuwa juu ya mpera wa jirani, hakumwita ashuke. Baadaye akaniuliza kwa nini nimekuja mimi wala si wewe. Nikamwambia hilo utalijibu wewe, Ngowa. Mwandikie.

Ya mtoto ina onyo kama yako, na nimeiacha wazi nyuma, ili ipanuke mkono ukikua. Anaivaa shuleni na anawaambia wenzake kwamba ni ya ukoo. Akifika umri wa kukatwa nyama, umpime, na kama seli zake zikipanda zikashuka vizuri, mwambie aniletee hiyo bangili yake. Nitaiyeyusha nimtengenezee mkewe hereni.

Dada yako,
Kafedha wa Kalama